Jumatano Ndefu ya Nchi ya Kiunzi

Je, mtu asiyeshika nyundo, asiyekaza skrubu wala kuchomelea hata kipande kimoja cha chuma, anaweza kusema kwa haki kwamba amejenga mashine? Niliingia nchi ya Kiunzi nikiwa na swali hili, na sikuwa na jibu lake.

Swali lenyewe lilitokana na jambo dogo. Dakta Mbonea, mhadhiri wetu wa uhandisi, alikuwa ameniita ofisini na kunieleza kwamba idara imekubaliana na kiwanda kimoja cha mkonge kutafiti mashine ya kuokoa nyuzi fupi, zile ambazo hutupwa pamoja na maganda na majimaji ya majani. Hakuna aliyejua kama nyuzi hizo zinaweza kutenganishwa bila kukatika. Alitaka niwaongoze wenzangu katika utafiti huo. "Lakini uelewe, Tunu," aliniambia, "ukiongoza, mashine utaiona zaidi kwa macho ya wenzako kuliko kwa mikono yako." Karakana ndiyo mahali pekee chuoni ambapo nilijiona mtu kamili. Isitoshe, miongoni mwa wenzangu hao alikuwemo Ngwale, kijana ambaye hajawahi kukubali hesabu yangu yoyote kabla ya kuirudia mwenyewe, tena kwa sauti. Niliomba muda wa kufikiri, na muda huo niliutumia Kiunzi.

Namna nilivyofika huko haina faida kwa msomaji, kwa hiyo naiacha. Inatosha kusema kwamba Kiunzi ni nchi ya bonde moja na mlima mmoja. Mto upo bondeni, na mji upo juu. Kati ya mto na mji kuna ngazi zilizochongwa katika mwamba, na kwa vizazi vingi watu wa Mtaa wa Juu walizipanda kila alfajiri na ndoo vichwani. Watu hawa wanapenda sana kutafiti na kuunda, na nilichoona katika sheria zao kilinifanya niwaheshimu, ingawa si sheria zote nilizozielewa siku ile ya kwanza.

Sheria yao ya kwanza yahusu uteuzi. Mradi wa utafiti unapotangazwa, wanaotaka kuuongoza huitwa mbele ya watu na kuulizwa swali moja tu: "Hujui nini?" Anayeweza kueleza kwa utaratibu mambo asiyoyajua, na jinsi anavyokusudia kuyajua, hupewa mradi. Anayejibu kwamba anajua kila kitu hapotezwi, kwa kuwa Kiunzi haipendi kupoteza vipaji. Huyo hupelekwa katika Baraza la Tarehe. Kazi ya Baraza hilo ni kutangaza siku ambayo kila uvumbuzi utakamilika, na hutangaza mapema kabisa, kabla ya michoro kuanza, ili michoro isije ikawatia wajumbe wasiwasi.

Sheria ya pili ndiyo iliyonigusa. Mteule huvishwa glavu nene za sufu zinazofunika vidole vyote pamoja, ambazo hufungwa kwa utepe mwekundu katika vifundo vya mikono. Katika karakana ya mradi haruhusiwi kuzivua. Akizivua ili ashike chombo au aguse mashine, uongozi wake umekwisha papo hapo, na mradi hurudi Barazani kugawiwa upya. Nilidhani ni adhabu. Mwenyeji wangu, Bi. Shemsa Kirundo, alinisahihisha.

"Huku kiongozi huchaguliwa miongoni mwa mafundi hodari," alisema. "Na fundi hodari akiona mwenzake anakosea, hufanya nini?"

"Humsaidia."

"Humnyang'anya nyundo, mwanangu. Kesho yake humnyang'anya na msumeno. Baada ya muda kuna mtu mmoja anayefanya kazi na watu wanane wanaomtazama. Tulijifunza hilo kwa miradi mingi iliyokufa."

Bi. Shemsa alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kabla ya kuvishwa glavu alikuwa msubuaji mashuhuri. Shaba aliyoiyeyusha na kuimimina katika kalibu ilitoka laini hata haikuhitaji tupa. Sasa aliongoza mradi mkubwa kuliko yote nchini: pampu inayoendeshwa na joto la jua peke yake, ili ipandishe maji kutoka bondeni hadi Mtaa wa Juu. Jua lilichemsha maji ndani ya mapipa meusi, mvuke ukasukuma pistoni, na pistoni ikasukuma mto kuelekea juu. Kwa maneno ni rahisi. Baraza la Tarehe lilikuwa limetangaza kwamba maji yatafika Alhamisi, siku ya sherehe ya mwaka, na nilipowasili ilikuwa Jumatano. Mabendera yalikuwa yametundikwa tayari. Kama Alhamisi ingepita bila maji, sheria ilikuwa wazi: mapipa yangebomolewa, shaba ingeyeyushwa kuwa kengele za Baraza, na watu wangerudi kwenye ngazi zao kwa kizazi kingine.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeketi na Bi. Shemsa katika chumba chake kando ya karakana, alipoingia mhandisi mmoja mwembamba, mikono imejaa masizi. Aliitwa Kibwe. Yeye pia aliwahi kuulizwa "Hujui nini?" na alijibu vizuri, ila Bi. Shemsa alijibu vizuri zaidi, na tangu hapo Kibwe alikuwa hajamwita kwa jina.

"Kiongozi," alisema Kibwe, "leo utanipa kiti chako."

Bi. Shemsa aliinuka. Kibwe akaketi mahali pake, akanyoosha miguu. Hii ni desturi yao ya tatu: anayeleta habari mbaya hukalishwa katika kiti cha kiongozi, naye kiongozi humwandalia kahawa kwa mikono yake. Niliambiwa kwamba zamani desturi hii ilileta matatizo, maana kahawa ilikuwa nzuri na habari mbaya zikaanza kubuniwa. Ndipo ikaongezwa kanuni kwamba mleta habari aje na kitu chenyewe kilichovunjika.

Kibwe aliweka mezani vali ya shaba, ukubwa wa ngumi. Ufa mwembamba kama unywele ulipita katikati.

Bi. Shemsa alimimina kahawa. Kwa glavu zile birika lilimwelemea, na nusu ya kahawa ikamwagika kwenye sahani.

"Hata kumimina umesahau," alisema Kibwe.

"Kunywa. Imepasuka lini?"

"Tumeikuta hivi asubuhi. Ya jana nayo. Na ile ya akiba."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Sema tena."

"Sijui, Shemsa. Unataka niandike ukutani?"

Lilikuwa jina lake, na wote wawili walilisikia. Bi. Shemsa aliinama juu ya vali. Nilimwona akiusogeza mkono karibu na ufa ule, kisha akaurudisha. Mkono wa msubuaji ungemwambia kwa kugusa tu kama ufa umefika ndani au umeishia juu. Kama ulikuwa wa juu tu, pampu ingeweza kufanya kazi kwa saa za sherehe, wageni wangepiga makofi, na vali ingepasuka wakishakwenda zao. Mtu pekee wa kumweleza ukweli alikuwa yule ambaye angefaidika zaidi iwapo yeye angeshindwa, kwa kuwa mradi ukigawiwa upya jina la Kibwe ndilo lililofuata.

"Umefika ndani?" aliuliza.

"Umefika ndani."

 Bi. Shemsa akamwongezea kahawa, akaniambia nimfuate Barazani.

Mtunza Tarehe, Mheshimiwa Selenge, alitupokea kwa furaha kubwa. Alikuwa ameshikilia kipande cha kitambaa cha bendera akikilinganisha na kilemba chake.

"Bi. Shemsa, kesho ndiyo kesho," alisema.

"Kesho pampu haitawashwa, Mheshimiwa. Vali zinapasuka na bado hatujajua sababu."

Mheshimiwa Selenge alicheka kwa upole, kama mtu aliyeambiwa kwamba jua limechelewa kuamka. "Mama, hilo haliwezekani. Alhamisi imekwisha kutangazwa."

"Vali hazikusikia tangazo."

"Basi mjumbe wetu atakwenda kuzisomea." Alisema hivyo bila utani. Mjumbe mmoja alisimama kabisa, akakaa tena alipoona hakuna anayemfuata.

Mjadala ulichukua muda mrefu, na naueleza kwa sababu nimesikia mijadala inayofanana nao katika nchi ninazozijua zaidi. Mjumbe wa kwanza alishauri kwamba vali iondolewe, kwa kuwa ndiyo pekee inayoleta matatizo. Wa pili alishauri waajiriwe vijana wa kupanda ngazi kwa siri na kumimina maji kwenye bomba la juu, ili wageni wasivunjike moyo. Wa tatu aliuliza kama Bi. Shemsa ana uhakika, na alipoambiwa kwamba aliyeupima ufa ni Kibwe, ukumbi wote uliguna.

"Kibwe huyu uliyempiga mweleka?" alisema Mheshimiwa Selenge. "Anakuchimbia kaburi nawe unamshikia taa. Vua glavu, mama, ukaguse mwenyewe. Ukikuta ni uongo, tutakurudishia uongozi kimyakimya."

"Nikivua, mafundi wangu wote watajua kwamba neno lao halitoshi," alisema Bi. Shemsa. "Kesho hakuna atakayeniletea kitu kilichovunjika. Wataniletea vilivyong'arishwa. Kibwe amesema umefika ndani, na mimi nasema umefika ndani. Pampu haitawashwa mpaka tujue."

Kwa sheria ya Kiunzi, tarehe iliyotangazwa haibadilishwi. Lakini hakuna sheria inayosema kwamba siku lazima zifuatane. Wajumbe walinong'ona, wakapekua kumbukumbu za vikao, kisha Mheshimiwa Selenge akasimama na kutangaza kwa sauti nzito kwamba Alhamisi bado haijafika. Itakapokuwa tayari itafika. Hadi hapo, nchi nzima itaendelea kuwa katika Jumatano, na lawama ya Jumatano hiyo itakuwa juu ya kichwa cha Bi. Shemsa.

Hivyo ndivyo nilivyoishi katika Jumatano ndefu ya Kiunzi. Jua lilizama na kuchomoza, na asubuhi mpiga mbiu alipita akisema, "Leo ni Jumatano, kama mnavyojua." Wanafunzi walifundishwa somo lilelile la kugawanya, nao wakalijibu kwa kuimba. Waliokuwa na miadi ya kung'olewa meno Alhamisi walimwombea Bi. Shemsa maisha marefu. Wengine hawakumwombea. Sokoni Bi. Shemsa alikutana na binti mmoja aitwaye Mwanahawa, mikono imejaa hina iliyoanza kufifia, ambaye ndoa yake ilikuwa Alhamisi.

"Dada," alisema Mwanahawa, akimzuia njia, "ni wewe unayeninyima mume?"

"Mumeo yupo, bibie. Ni siku tu ambayo haijafika."

"Basi ilete. Mama mkwe ameanza kunizoea kabla sijaingia kwake. Jana amenituma vitunguu."

"Jana ilikuwa Jumatano?"

"Ilikuwa Jumatano, na leo ni Jumatano, na kilo ya vitunguu ni ileile." Wanawake wa sokoni walicheka, na Mwanahawa mwenyewe akajizuia asicheke. "Mimi nimepanda zile ngazi tangu nikiwa na miaka sita, dada. Sitaki kuzipanda nikiwa na mimba. Fanyeni haraka, lakini mfanye kweli."

 Tulipofika karakana Bi. Shemsa aliniambia kwamba maneno ya Baraza humtoka masikioni kabla hajafika mlangoni, lakini ya binti yule yatakaa.

Ndani ya karakana mambo yalikuwa magumu. Kibwe na wenzake walisubu vali kwa shaba iliyochanganywa na bati, ikapasuka. Wakaongeza unene, ikapasuka. Kila iliyopasuka ilibebwa kwa heshima hadi Bustani ya Vilivyokataa, nyuma ya karakana, ambako kila kifaa kilichoshindwa huwekwa juu ya jiwe pamoja na jina la aliyegundua kwamba kimeshindwa. Watoto hupelekwa pale kujifunza. Nilimwona mzazi akimwonyesha mwanawe bomba lililopinda na kumwambia, "Hili aligundua babu yako," kwa fahari niliyodhani ni ya washindi peke yao. Laiti chuo chetu kingekuwa na bustani kama ile.

Mchana mmoja nilimkuta Bi. Shemsa amesimama akimtazama Kibwe akimimina shaba. Alikuwa ameuma meno.

"Anamimina polepole mno," aliniambia kwa sauti ya chini. "Shaba inapoa mdomoni mwa kalibu. Mimi ningefanya hivi." Glavu zake mbili zilisogea hewani, zikiiga mkono unaoinamisha chungu, na kwa kitambo kidogo niliona alivyokuwa zamani. "Fundo la utepe huu ni jepesi, Tunu. Mtoto anaweza kulifungua."

Mikono yangu pia ilikuwa ikiniwasha. Nilijua hasa anachokitamani.

Aliteremsha mikono. Akamsogelea Kibwe. "Nielezeni," alisema, "vali inapasuka ikiwa ya moto, au inapopoa?"

Kibwe alifuta jasho. "Ikiwa ya moto. Si ndipo mvuke unapoisukuma?"

"Nani ameiona ikipasuka?"

Mafundi walitazamana. Hakuna aliyeiona. Kila mara waliipima jua likiwa kali, wakaiacha ikiwa nzima, kisha wakaikuta na ufa.

"Hatujawahi kuipima ikipoa," alisema Kibwe taratibu. Akaweka chungu chini. "Hatujawahi. Jua likifunikwa na wingu, mapipa yanapoa ghafla, bomba linasinyaa, na vali iko katikati haina pa kwenda." Alisema maneno hayo ya mwisho kama anayejizungumzia, kisha akageuka. "Toka hapa, kiongozi. Unatuzibia mwanga."

Bi. Shemsa alitoka, na nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mafundi waliketi chini ya mapipa wakisubiri wingu, watu wazima tisa wakitazama mbingu kama wakulima. Wingu lilipokuja, vali ililia kidogo na kupasuka mbele ya macho yao, nao wakashangilia. Mpita njia aliyesikia aliuliza kama wamefaulu. "Imepasuka," alijibiwa kwa furaha, akaenda zake akitikisa kichwa.

Walipokwisha kujua sababu, dawa haikuwa mbali. Kibwe aliikata vali vipande viwili na kuweka ngozi iliyolowekwa mafuta katikati, ili shaba ipate nafasi ya kusinyaa na kutanuka. Mawingu yalipita, jua likarudi, na vali ikabaki nzima.

Hapo ndipo mpiga mbiu alipopita adhuhuri, jambo lisilo la kawaida, na kutangaza kwamba Alhamisi imefika. Mheshimiwa Selenge alitoa hotuba akilipongeza Baraza kwa kutimiza tarehe yake bila kuchelewa hata siku moja. Kwa mujibu wa kalenda alisema kweli.

Maji yalifika yakiwa na kutu, kisha yakawa safi. Watu wa Mtaa wa Juu hawakupiga kelele mara moja. Mwanahawa alikuja akiwa amevaa nguo za harusi, akaingiza miguu yake chini ya bomba, na ndipo mji mzima ukaanza kusema kwa pamoja.

Kando ya mtambo, mafundi walimzunguka Bi. Shemsa. Hakuna nishani Kiunzi, na jina la kiongozi halichongwi peke yake mahali popote. Zawadi yake ni hii: kila aliyefanya kazi chini yake hufungua mzunguko mmoja wa utepe. Walipita mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa Kibwe. Aliivuta glavu ya kulia, kisha ya kushoto. Mikono iliyotoka ilikuwa myeupe kwa jasho na imepoteza sugu zake zote. Bi. Shemsa aliiweka juu ya bomba.

"Linatetemeka," alisema.

"Linatetemeka tangu siku ya kwanza. Tulikwambia, Shemsa."

"Mliniambia, na niliwaamini." Hakuiondoa mikono. "Sasa nalisikia."

Nilisogea na kumwuliza swali langu, kwa kuwa nilikuwa karibu kuondoka. Nilimwuliza amejenga nini, yeye ambaye hakushika kitu.

"Mwulize Kibwe," alisema.

Kibwe alikuwa akikunja utepe. Hakufikiri sana. "Ametujengea Jumatano," alisema. "Bila Jumatano hii ningekuwa nimefunga ile vali ya ufa, na leo ningekuwa nimejificha."

Nimerudi sasa. Jana nilimkuta Dakta Mbonea karakanani pamoja na wenzangu wote wa mradi, wamezunguka mafungu ya mabaki ya mkonge yaliyoletwa na kiwanda, na harufu yake ilikuwa imejaa hadi darini. Ngwale alikuwa akisema kwamba makadirio yangu ya unyevu wa nyuzi yamekosewa. Kwa desturi yangu ningechukua kipimo mkononi mwake na kumwonyesha. Niliiweka mikono yangu nyuma ya mgongo, nikasikia ikipinga, nikaiacha huko. Dakta aliniuliza kama nimeamua.

"Nimeamua," niliwaambia. "Nitauongoza mradi huu, na kuanzia leo sitashika mashine. Majaribio yote ni ya Ngwale. Akisema nyuzi zimekatika, zimekatika, nami nitakwenda kiwandani kuwaambia hivyo, hata kama wametundika mabendera."